Tupeane uzoefu: uliunga kompyuta ya gemu kwa bajeti ya kubana, ulijikwaa wapi?

#1 (mleta mada)
Salaam wakuu. Kila siku watu wanauliza "ninunue kadi gani?" ila ni nadra mtu kusimulia alipoumia. Naanza mimi.

Nilijichanga miezi 8. Hesabu yangu ilikuwa moja: hela karibu yote iende kwenye kadi ya picha, vingine vitajileta. Nikapata RX 580 ya GB 8, ya mtumba lakini safi, na prosesa ya Ryzen 5 2600. Kwenye pawa saplai, lile boksi linalolisha kompyuta umeme, nikachukua ya bei ya chini kuliko zote. Kibandiko kinasema wati 600, ukiinyanyua ni nyepesi kama boksi tupu. Wepesi ule ndio ulipaswa kunishtua.

Nikiwa kwenye menyu, hakuna shida. Gemu ikianza, dakika kumi tu, zii! Haigandi, inazima kabisa na feni kimya. Nikailaumu kadi. Nikabadilisha draiva, nikapaka upya pesti ya kupitisha joto, nikapiga Windows mara mbili. Wiki 2 zimekwenda hivyo. Mwisho jirani akaniazima pawa saplai yake ya wati 500, ya kampuni inayoeleweka, nikacheza mpaka alfajiri.

Ndipo nikaigeuza yangu nikasoma kile kijedwali cha ubavuni: laini ya volti 12 ina ampea 18. Zidisha, unapata wati 216. RX 580 peke yake imepangiwa wati 185, na prosesa nayo inakula hapo hapo. Hizo 600 sijui walizihesabia wapi.

#2
Pole mkuu. Yangu haikuzima, ila ilinitia aibu. Hela ya kadi sikuwa nayo, nikachukua prosesa ya Ryzen 5 5600G, ile yenye sehemu ya picha ndani yake, nikachomeka RAM moja ya GB 16 nikiwaza "nikipata nitaongeza". Gemu zikawa zinaburuta miguu. Kumbe prosesa ya aina hii haina kumbukumbu yake ya picha, inakopa kwenye RAM, na RAM moja ni njia moja tu ya kupitisha data, mbili ni njia mbili. Nikabadilishana na mshikaji, akanipa mbili za GB 8. GB ni zile zile 16, lakini kutoka fremu 34 kwa sekunde nikavuka 50.

Mwezi mmoja baadaye ndio nagundua RAM zimeandikwa kasi ya 3200 ila zinakimbia 2400, kisa sikuwasha XMP, ule mpangilio wa kuzifikisha kasi yake iliyoandikwa, kwenye BIOS (menyu ya mipangilio ya msingi ya kompyuta).

#3
Mnaounga kuanzia sifuri nawaonea huruma. Mimi nilinunua kompyuta ya ofisini iliyokwisha tumika, prosesa yake Core i5 ya kizazi cha 8, nikaiongezea kadi ya GTX 1650. Zipo zenye soketi ya umeme, mimi nilitafuta isiyo nayo, ile inayotosheka na wati 75 za kwenye sloti. Kwa hela kidogo sijaona njia nzuri kuliko hii.

Sasa kilichonikuta. Kasha ni lile jembamba. Kadi imeingia, klik, raha tupu. Kurudisha mfuniko, haufiki: kadi imechomoza vidole vitatu nje ya kasha. Kumbe kuna kadi fupi maalumu kwa makasha hayo. Nimecheza miezi 4 kompyuta ikiwa wazi kama redio iliyosahaulika kwa fundi. Pimeni kwa rula kabla ya kulipa. Na pawa saplai za mashine hizo, plagi zake mara nyingi ni za kampuni yenyewe, usitegemee kuweka nyingine kirahisi.

#4
Monita ya Hz 144, yaani inabadilisha picha mara 144 kwa sekunde. Miezi 5 ilikuwa kwenye 60 kwa sababu sikugusa mipangilio ya Windows. Na watu nilikuwa nawahubiria kwamba tofauti naiona. Nimemaliza.

#5
Mbona hakuna aliyegusa kadi zilizotumika kuchimba sarafu za kidijitali? Ninayo RX 570. Feni zilikuwa zinakoroma, nikazibadilisha. Gemu zikaendelea kujifunga zenyewe, nikakaribia kuitupa, mpaka nikaambiwa wachimbaji huchezea BIOS ya kadi, yaani programu yake ya ndani. Niliporudisha ya asili ikatulia, na mwaka wa pili huu inadunda. Siziogopi, ila lazima niione ikikimbiza gemu nusu saa mbele ya macho yangu. Muuzaji akisema "chukua tu, nzima hiyo", naaga.

#2
@mleta mada, ile pawa saplai uliipeleka wapi?

#1 (mleta mada)
Kumuuzia mtu niliona ni dhambi. Kuifungua nako naogopa, kapasita za ndani hukaa na umeme hata ukichomoa waya. Nimeiweka izuie mlango wa chumba usijifunge na upepo, na kwa wepesi wake hata hiyo kazi imeishinda.