Maji ya karai pale ikweta Maseno, Kenya: yanageuka kweli?

Nyakundi_K: Wenye maonyesho ya ikweta humwaga maji kwenye karai lenye tundu. Hatua chache kaskazini yanazunguka upande mmoja, kusini upande mwingine, na kwenye mstari yanashuka wima. Ni dunia inayofanya hivyo?

Fundi_Mabomba: Hapana, ni mkono. Tazama anavyomwaga: akimimina kandokando ya ukingo, maji yanaanza kuzunguka upande anaoutaka. Au anajaza karai, kisha anageuka nalo kukutazama. Mzunguko huo mdogo unatosha. Akitaka yashuke wima, anamimina katikati na kungoja yatulie.

Mama_Fizikia: Nguvu ya Coriolis, yaani msukumo unaotokana na dunia kujizungusha, ipo, inazungusha vimbunga, ila kwenye ikweta yenyewe haizungushi maji kabisa, na mita 20 pembeni ni kama haipo. Mwaka 1962 mhandisi Ascher Shapiro alilipima jambo hili Marekani, mbali sana na ikweta: tangi la mviringo la upana wa karibu mita 1.8, maji yakatulizwa saa 24, kizibo kikatolewa kwa chini. Kwa dakika 12 hivi hakuna kilichoonekana, kisha yakazunguka kinyume cha saa.

Nyakundi_K: Basi nikijaribu nyumbani?

Fundi_Mabomba: Kizibo kivutwe kwa chini, kamwe usitie mkono. Funika, upepo usiingie, yalale usiku kucha. Weka njiti ya kiberiti juu uone mwendo. Rudia mara nyingi. Upande ukibadilikabadilika, umepata jibu. Ukiwa uleule kila mara, kagua tundu, huenda limekaa upande.