Naomba ushauri: shemeji kashtakiwa kuzuia kukamatwa kwa kutumia panga

Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri hasa wanasheria mliomo humu. Shemeji yangu huku Bahi polisi walimfuata usiku kumkamata, ishu ni ng'ombe zake kuingia shamba la uwele la mtu. Hawakuvaa yunifomu, yeye kadhani wezi wa mifugo (na huku wapo kweli) katoka na panga kalinyanyua juu, hajamgusa mtu, alivyomulikwa tochi ndo anasikia "sisi polisi" akalitupa chini hapohapo.

Sasa kesi ya shamba hata haitajwi. Nimeambiwa kifungu cha 222 cha Kanuni ya Adhabu, ukijaribu tu kumpiga mtu na silaha ili usikamatwe, kinafika kifungo cha maisha, ila cha 243, kumzuia askari kazini, ni miaka 5. Hapo ndo presha inapanda, maana kunyanyua panga na kujaribu kupiga mi naona ni vitu viwili.

Je kutojua kama ni askari ni utetezi au hakimu ataona longolongo? Dhamana ipo? Na mkewe alieona kila kitu aandikishe maelezo saivi au asubiri wakili? Na wakili hapo Dodoma mjini tujiandae kuuza ng'ombe wangapi?