Mwanafunzi wa ukunga atafikaje kuamua mwenyewe?

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Kisumu
Habari zenu, walimu na wakunga. Daftari langu la mazoezi limejaa sahihi za akina mama niliowazalisha, lakini nikilisoma kwa uaminifu naona kwamba karibu kila uamuzi ulifanywa na mtu aliyesimama nyuma yangu. Juma lililopita, mama wa mimba ya kwanza alikuwa amefunguka sentimita 6, nami nilipoweka fetoskopu nikahesabu mapigo ya mtoto 104 kwa dakika. Kabla sijafungua kinywa, mkunga wa zamu alikuwa amekwisha kumlaza mama kwa ubavu wa kushoto na kumwita daktari, nami nikabaki nimeshika kalamu. Alifanya lililo sahihi, na mtoto alizaliwa salama. Hata hivyo, mwakani huenda nikawa peke yangu usiku katika zahanati ya kijijini. Ninyi mlijifunzaje kuamua?

Mkunga, Nakuru
Mwanangu, mapigo yaliyo chini ya 110 hayangojewi, kwa hiyo usimlaumu mwenzetu. Kilichokosekana ni mapatano kabla ya zamu. Mwanafunzi wangu akimaliza kumpima mama, mimi huweka mikono nyuma na kumtaka aseme kwa sauti amepata nini, anadhani kuna nini na atafanya nini. Ndipo nami hupima. Ungesema, "Mapigo ni 104, namlaza mama kwa ubavu, nasikiliza tena uchungu ukipita, daktari aitwe," uamuzi ungekuwa wako ingawa nimesimama hapo, na sekunde zilizotumika ni chache mno. Patografu, yaani chati ya maendeleo ya uchungu, nayo ijaze mama angali mbele yako, wala si zamu ikiisha, maana anayeijaza baadaye huwa anaandika habari za uamuzi wa wengine.

Mwalimu wa mafunzo ya wodini, Kakamega
Nakubaliana na dada wa Nakuru, ila mapatano hayo hayawezekani ikiwa mwanafunzi anakutana na msimamizi mpya kila siku. Mkunga asiyeijua mikono yako hawezi kukuachia mama wa watu, na ana haki. Omba upangwe na mkunga mmoja kwa majuma kadhaa.

Kwa dharura, tusimngoje mgonjwa ndipo tujifunze. Katika zoezi la mama anayevuja damu baada ya kujifungua, sisi humimina maji yenye rangi nyekundu kidogo kidogo kwenye shuka la plastiki lenye vipimo, na mwanafunzi mwenyewe ndiye anayepaswa kutamka kwamba damu imezidi. Kisha hukanda mji wa mimba, humpa oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, na asidi ya traneksamiki, dawa ya kuzuia damu, huweka dripu, hutafuta chanzo cha damu na kuita msaada. Utafiti wa E-MOTIVE uliotolewa mwaka 2023, ambao Kenya ilishiriki pamoja na Nigeria, Tanzania na Afrika Kusini, ulionyesha kwamba kuipima damu hivyo na kutoa matibabu hayo kwa pamoja kulipunguza madhara makubwa ya kuvuja damu baada ya kujifungua kwa asilimia 60. Mara ya kwanza wengi hunitazama usoni wakingoja ishara. Mimi hutazama shuka tu.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Kisumu
Asanteni sana. Naingia zamu Alhamisi usiku na nitamwomba mkunga tupatane mapema. Mama mwenyewe je, tumwambie nini?

Mkunga, Nakuru
Mwambie kweli, kabla uchungu haujapamba moto: wewe ni mwanafunzi, utampima kwanza na kusema unachokiona, na mkunga atahakikisha. Akikataa, heshimu neno lake.