Nyambizi ya nyuklia ikistaafishwa: tarehe ipi ni sahihi, na kinu kinapelekwa wapi?

Kusi_Kaskazi:
Wakuu, salaam. Naandaa somo kuhusu manowari za Marekani zilizoondolewa kazini na nimekwama kwenye tarehe. USS Enterprise, meli ya kubeba ndege, kwa mfano, huku naambiwa ilistaafu 1 Desemba 2012, kule 3 Februari 2017. Kwenye nyambizi nakuta mkanganyiko uleule. Ipi niandike? Na ile hafla ya kushusha bendera inakwendaje? Baada ya hapo kinu cha nyuklia kinafanywa nini?

Mlinda Gati:
Andika zote mbili, mkuu, ila useme kila moja ni ya nini. Ile ya 2012 ni siku meli ilipositishwa kazi. Ya 2017 ndiyo ya kustaafishwa rasmi, fueli ikiwa imeshatolewa kwenye vinu vyake vyote 8.

Pengo hilo lina sababu. Kinu cha nyuklia hakizimwi kama jenereta ukaenda zako. Mara tu kinapozimwa, fueli bado inatoa joto la kama asilimia 6 hadi 7 ya nguvu kamili. Baada ya siku moja linashuka chini ya asilimia 1, lakini hata hilo dogo lazima lipozwe, pampu ziangaliwe na zamu zikae. Kwa hiyo unaweza kuona wageni wamekuja, hotuba zimetolewa, keki imekatwa, na kesho yake mabaharia wako kazini vilevile. Watu hupunguzwa kidogo kidogo kadiri mitambo inavyofungwa.

Kuhusu hafla, jambo la kuangalia ni bendera tatu: ya taifa tezini (nyuma), ya jeshi la majini omoni (mbele), na utepe mrefu mwembamba mlingotini. Utepe huo ndio unaoonyesha kwamba chombo kiko kazini chini ya kamanda. Amri ya kustaafisha husomwa kwa sauti, kamanda anaagiza zamu ya mwisho ifungwe, bendera zinashushwa, mabaharia wanashuka kwa mstari. Kwa desturi, utepe anabaki nao kamanda wa mwisho. Kuanzia hapo jina haliandikwi tena na USS (yaani Meli ya Marekani) mbele.

Kinachoharibu shughuli mara nyingi ni kitu kidogo: kamba kukwama kwenye kapi bendera ikiwa nusu mlingoti, watu wote wanatazama. Ndiyo maana mazoezi yafanywe kwa bendera zilezile na kamba zilezile. Na usishangae ukiona picha za hafla iliyofanyika ukumbini, mlingoti wa muda umesimamishwa jukwaani. Nyambizi yenyewe huwa iko gudini (bwawa linalokaushwa maji ili meli itengenezwe), imezungukwa na majukwaa ya mafundi, haipandiki na wageni.

Fundi Chuma:
Niendelee alipoishia Mlinda Gati. Kazi ya kukata nyambizi zilizostaafu hufanyika Bremerton, jimbo la Washington, kwenye karakana ya jeshi la majini ya Puget Sound.

Kwanza fueli. Ganda hukatwa tundu juu ya kinu, fueli inatolewa kwa vyombo vyenye kuta nene vya kuzuia mionzi, kisha inasafirishwa kwa treni hadi Idaho. Hatua hiyo peke yake inaondoa zaidi ya asilimia 99 ya mionzi. Inayobaki imo ndani ya chuma chenyewe, hasa kobalti-60, ambayo hupungua nusu kila baada ya miaka 5 na ushei, na nikeli-63 inayochukua karibu miaka 100 kupungua nusu. Hiyo haisuguliki wala haioshwi. Ndiyo sababu chumba cha kinu hukatwa kizima kama kipande cha muwa, mabomba yakamwagwa maji na kuzibwa, na ncha zote mbili zikachomelewa kuta za chuma.

Kipande hicho kina uzito wa zaidi ya tani 1,000. Kinapakiwa kwenye tishari (chombo bapa cha kubebea mizigo majini), kinatoka Puget Sound hadi Pasifiki, kinashuka na pwani, kinaingia mto Columbia na kupandishwa kwenye mabwawa manne: Bonneville, The Dalles, John Day na McNary. Kwenye gati la Benton tishari hujazwa maji makusudi likae chini kabisa. Lingeachwa lielee, lingeinama mzigo unapohama kwenda nchi kavu. Kutoka hapo trela la magurudumu 320 linaupeleka hadi handaki namba 94 huko Hanford, eneo la kuzikia taka za nyuklia.

Sehemu nyingine za nyambizi ni chuma cha kuuza, ila si haraka. Za zamani zina asbesto kwenye mabomba, na kemikali za PCB kwenye vitambaa vya kupunguza kelele. Hivyo vitolewe kwanza, kwani ukipitisha moto wa kukatia juu ya PCB unatengeneza sumu mbaya zaidi.

Jambo la kuogopa gudini ni moto. Nyaya na mipira ya hewa hupita kwenye milango ya sitaha, kwa hiyo haifungiki upesi. USS Miami iliungua 23 Mei 2012 ikiwa matengenezoni huko Kittery, Maine, moto uliowashwa na mfanyakazi. Gharama za kuitengeneza zikaonekana kubwa mno, ikastaafishwa 28 Machi 2014 baada ya miaka 24 tu.

Kusi_Kaskazi:
Shukrani sana wakuu. Kwa nini zisizamishwe tu baharini? Au zifanywe makumbusho?

Mlinda Gati:
Kuzamisha kulifanyika. Mwaka 1959 kinu cha kwanza cha USS Seawolf, kilichopozwa kwa sodiamu, kilitupwa Atlantiki nje ya Delaware. Miaka ya 1980 wazo likachunguzwa tena, wakachagua kuzika nchi kavu, na kwangu huo ulikuwa uamuzi sahihi: kilichoko handakini unaweza kukikagua, cha chini ya bahari huwezi.

Makumbusho ipo, USS Nautilus. Ilistaafishwa 3 Machi 1980, ikavutwa hadi Groton, Connecticut, mwaka 1985, na ikafunguliwa kwa wageni mwaka uliofuata. Utatembezwa sehemu ya mbele tu. Kwa nyingi nyingine kinachohifadhiwa ni mnara unaochomoza juu ya nyambizi: wa USS Parche uko Bremerton, wa USS George Washington uko hapo hapo Groton.