Tulipu na dafodili Mombasa: zitachanua, au nipande nini badala yake?

Kibaraza_Kisauni

Salaam aleikum wanajamvi. Nina vitunguu 25 vya tulipu na 10 vya dafodili vya manjano, vimeletwa kutoka Uholanzi wiki hii, mwanzo wa Novemba. Ni vikavu, vigumu, ganda la kahawia bado limeshika. Bustani ni mita 4 kwa 6, Kisauni; ukichimba shibiri moja unagonga matumbawe. Maji ni ya kisima na yana chumvi kidogo. Friji ipo, na droo ya mboga inaweza kutengwa.

Vitunguu vya namna hii vilishapandwa ardhini papa hapa, vikatoa majani matatu, katikati ikachungulia ncha kama ya penseli, kisha ikakauka kabla ya kufunguka. Kosa ni udongo, maji au joto? Na kama tulipu haziwezekani kabisa, ni maua gani ya kwetu yanayochanua kwa mkupuo, bustani nzima kwa pamoja, kama wanavyoyapata wenzetu wa Ulaya wakati wa machipuko?

Mtunza_Vyungu

Wa aleikum salaam. Kosa ni joto. Udongo na maji yatakutesa baadaye, lakini hayakuliua ua hilo.

Chukua kitunguu kimoja ukitoe kafara. Kipasue kwa kisu kikali kutoka kwenye ncha hadi kwenye kitako. Katikati ya matabaka meupe utakuta kichipukizi kidogo, na ukikitazama vizuri utaona ua limeshaumbika humo ndani, petali sita na stameni sita. Kwa hiyo kitunguu ulicho nacho hakihitaji kutengeneza ua, linalo tayari. Kinachohitaji ni baridi ndefu ya kulirefusha shina. Tulipu asili yake ni milima ya Asia ya Kati, ambako kitunguu hukaa chini ya ardhi iliyoganda miezi kadhaa. Uholanzi wanapanda Oktoba na Novemba, baridi inafanya kazi yake, na Aprili mashamba yanachanua. Kwetu hata Julai na Agosti usiku haushuki sana chini ya nyuzi 20. Kitunguu hakipati ishara ya kwamba kipupwe kimepita, shina linabaki fupi, na ua linakaukia ndani ya majani. Ndiyo ile ncha ya penseli.

Baridi hiyo unaweza kuitoa kwenye friji:

Weka vitunguu kwenye mfuko wa wavu au wa karatasi uliotobolewa, kamwe si plastiki iliyofungwa, kwa sababu vitatoa jasho na kuota ukungu. Joto liwe kati ya nyuzi 2 na 9; nyuzi 5 ndiyo nzuri. Tia kipimajoto ndani ya droo, usiamini swichi ya joto ya friji. Muda ni wiki 14 hadi 16 kwa tulipu, na dafodili pia zihesabie hizo hizo. Kila wiki mbili vipapase kimoja kimoja, kilicholainika kitupe.

Jambo linaloharibu kazi ya wengi ni matunda. Tufaha, embe, parachichi na ndizi zikiiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huua ua ndani ya kitunguu bila kukiharibu kwa nje. Unangoja miezi minne, unapata majani matupu. Kwa hiyo katika muda wote huo friji hiyo isiingie tunda. Na uandike kwenye mfuko kwa herufi kubwa MAUA, SI CHAKULA. Vinafanana mno na vitunguu vya jikoni, na vyote viwili, tulipu na dafodili, ni sumu ukivila.

Sasa piga hesabu. Ukianza leo, wiki 15 zinaishia katikati ya Februari, kaskazi imepamba moto na mchana ni nyuzi 32 au 33. Hapo usipande ardhini. Panda kwenye chungu wiki ya 10, vitunguu vitano kwa chungu cha upana wa sentimita 20, ncha zikiwa karibu na uso wa udongo, nyunyizia kidogo, urudishe chungu kwenye friji mpaka machipukizi yafike sentimita 4 au 5. Ndipo ukitoe, ukiweke chumba chenye eyakondisheni cha nyuzi 18 hadi 20. Ua litafunguka baada ya wiki tatu hivi. Ukikiweka kibarazani, maua yatadumu siku mbili au tatu, kama yatafunguka.

Baada ya hapo kitunguu kitupe kwenye mboji. Hakitachanua tena Mombasa, na ni heri ulijue hilo kabla ya kuanza.

Zaituni_Likoni

Nakubaliana na Mtunza Vyungu, naongeza mambo mawili.

Anayetaka kujaribu tulipu hapa Pwani kwa dhati, atafute za Afrika Kusini. Huko misimu imegeuka: vitunguu vinauzwa kuanzia Machi hadi Mei. Ukivitia kwenye friji mwezi Aprili, vinatoka Julai mwishoni, upepo wa kusi unavuma na ndio wakati wetu wa baridi zaidi. Ni bora mara mia kuliko Februari. Lakini mzigo wa mimea hauingii Kenya hivi hivi tu. Unahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, kabla haujaondoka ulikotoka, pamoja na cheti cha afya ya mimea cha nchi ile. Usipokuwa navyo unaweza kunyang'anywa mzigo, na ni haki, maana kitunguu kimoja kinaweza kubeba minyoo ya udongo ambayo hatuna.

La pili: katika jamii ya dafodili kuna nargisi nyeupe, ile yenye vijiua vingi kwenye shina moja na harufu kali. Ina asili ya Bahari ya Kati, na haihitaji friji hata siku moja. Bakuli lisilo na tundu, kokoto sentimita 5, vitunguu vinasimamishwa juu yake, maji yaguse kitako tu na yasipande. Yakipanda kitunguu kinaoza. Wiki nne hadi sita una maua. Joto likizidi majani hurefuka na kulala, kwa hiyo yazungushie uzi.

Udongo_na_Chumvi

Ndugu wa Kisauni, hata ukiacha tulipu, usipande kitu chochote kabla ya kuupima udongo wako. Chukua kijiko cha udongo mkavu, weka kwenye kisahani, mwagia siki. Ukisikia unachemka na kutoa povu, una chokaa nyingi, na juu ya matumbawe hutakosa kulisikia povu hilo. Udongo wa namna hiyo una pH (kipimo cha uchachu) ya karibu 8. Madini ya chuma yamo ndani yake lakini mizizi haiwezi kuyavuta.

Dalili ni hii: jani changa, la juu kabisa, linakuwa manjano ilhali mishipa yake imebaki kijani. Iksora, waridi na asumini huonyesha mapema. Wengi wakiona umanjano wanaongeza samadi, na mmea unazidi kuchoka. Jani *kuukuu* la chini likigeuka manjano lote, hapo ndipo unapokosa naitrojeni. Tofautisha hayo mawili kabla ya kununua mbolea. Dawa ya ukosefu wa chuma kwenye udongo wa chokaa ni chuma cha EDDHA, jina utakaloliona kwenye pakiti ya mbolea. Kile cha EDTA kinachopatikana kwa urahisi zaidi kinaharibika pH ikiwa juu, pesa yako inapotea ardhini. Na majivu ya jikoni usiyaguse, yanazidisha tatizo lile lile.

Kwa sehemu yako ya mita 4 kwa 6 mimi nisingechimba. Ningejenga tuta la mawe la kimo cha sentimita 40 na kulijaza mchanganyiko huu: makumbi ya nazi yaliyosagwa ndoo 2, mboji ndoo 2, mchanga wa mto ndoo 1. Makumbi yaloweke siku moja na uyasuuze mara tatu, kwa sababu huja na chumvi. Mchanga wa ufukweni usitumie hata ukiuosha: chumvi itatoka, lakini vipande vya makombe vitabaki, na makombe ni chokaa. Ukipata majani ya mvinje yaliyooza, changanya. Pale Bamburi machimbo ya chokaa yaliyokuwa jangwa tupu yalianza kupata rutuba kwa mivinje iliyopandwa miaka ya 1970, jongoo wakayala yale majani makavu na kuyageuza udongo. Leo ndiyo Haller Park, hifadhi ya wanyama.

Maji ya kisima: kingo za majani zikikauka kahawia kuanzia nchani, ni chumvi. Usimwagie kidogo kidogo kila siku, maana maji yanakauka na chumvi inabaki juu. Mwagia kwa wingi mara mbili kwa wiki, mpaka maji yatoke chini, na wakati wa masika kinga maji ya paa kwenye pipa.

Mama_wa_Asumini

Mwanangu wa Kisauni, hilo swali lako la pili ndilo zuri zaidi. Machipuko tunayo, ila ya kwetu yanafunguliwa na mvua. Kitunguu cha Ulaya hungoja baridi ipite, kitunguu cha huku hungoja kiangazi kipite. Ukiukausha kwa makusudi Januari na Februari, ukaunywesha Machi, mmea utakuelewa.

Anza na amarilisi. Nunua kitunguu kikubwa, cha mzingo wa sentimita 26 au zaidi. Kidogo cha chini ya 20 hutoa majani tu. Chungu kiwe kikubwa kuliko kitunguu kwa vidole viwili pande zote, si zaidi, na theluthi moja ya kitunguu ibaki juu ya udongo. Ukikizika chote shingo inaoza. Mwezi Januari sitisha maji kabisa kwa wiki 8 hadi 10, weka chungu mahali pakavu penye kivuli. Katikati ya Machi mwagia mara moja vizuri, kisha subiri mpaka ncha itokeze. Kichipukizi cha ua ni kinene na butu kama kidole gumba, cha jani ni chembamba na bapa. Kwa joto letu ua halichukui zaidi ya wiki sita hadi nane. Panda vyungu kumi, vinyweshe siku moja, vitachanua ndani ya juma moja au mawili. Huo ndio mkupuo unaoutaka.

Pembezoni mwa ukuta, penye kivuli cha nusu siku, panda skadoksi, lile ua la duara jekundu kama mpira wa nyuzi ambalo mvua za kwanza zikigonga linatoka ardhini kabla ya majani. Ni la kwetu, linaota lenyewe Afrika Mashariki, na halipendi kuhamishwa. Mbele yake panda zefiranthesi, maua ya mvua, vitunguu vyake kama punje za karanga, sentimita 5 kwenda chini, 40 kwa mita ya mraba. Ikinyesha kubwa baada ya ukavu, siku chache tu pameshakuwa zulia.

Asumini ikate mara tu maua yanapopungua, theluthi moja ya kila tawi, kwa sababu hutoa maua kwenye machipukizi mapya. Usipoikata inakuwa kamba ndefu tupu. Kwa vikuba, vile vishada vya kunukia vya kina mama, chuma vitumba alasiri vikiwa vimevimba na vimefumba, vikifunguka usiku harufu inakuwa mkononi mwako na si mtini.

Kibaraza_Kisauni

Ahsanteni sana, Mungu awajaze. Mama, nikisitisha maji ya amarilisi, majani yakiwa bado kijani niyakate? Nimesikia watu wanayakata ili kitunguu kilale haraka.

Mtunza_Vyungu

Wengine hukata majani yote siku ile ile wanayositisha maji, na kitunguu hulala upesi.

Mama_wa_Asumini

Kinalala, ndiyo, lakini kimelala na njaa. Yaache yanyauke yenyewe, chakula kilichomo kirudi chini kwenye kitunguu. Amarilisi huumba kichipukizi kimoja cha ua kwa kila majani manne, kwa hiyo mtu akipata majani manane msimu huu, atarajie mashina mawili ya maua baadaye. Kata bua la ua tu, likishanyauka, sentimita 3 juu ya shingo.

Na msimu wa mvua toka na tochi usiku. Konokono wakubwa wanamaliza kichipukizi cha amarilisi kwa usiku mmoja. Mchana tazama upande wa chini wa majani: ukiona viwavi weusi wenye mabaka ya manjano wamejikusanya, watoe kwa mkono siku hiyo hiyo, kwa maana wakishatoboa shina wanateremka hadi ndani ya kitunguu, na wewe utajua tu pale majani yote yatakapolala na kunuka uozo.

Kibaraza_Kisauni

Nimeelewa. Tulipu 10 zinaingia kwenye friji leo, embe zote zimetolewa. Zilizobaki nitampa mtu mwenye eyakondisheni. Jumamosi naanza tuta, na amarilisi nitazitafuta kabla ya Januari.

Udongo_na_Chumvi

Tuta likishajaa, limwagie maji na uliache wiki mbili lishuke kabla ya kupanda. Mchanganyiko wa makumbi hushuka sana, na ukipanda siku ya kwanza shingo za vitunguu zitajikuta chini ya kiwango. Na uache matundu kwenye mstari wa chini wa mawe, moja kila nusu mita, maji ya masika yapate pa kutokea.