Bata bukini aliyejeruhiwa akaendelea kuruka: nilikosea wapi?

Swali
Ndugu wawindaji, msimu huu nimeanza kuwinda bata bukini wa mwituni kwa bunduki ya marisau (vipira vidogo vingi vinavyotoka kwa pamoja), geji ya 12, yaani kipimo cha upana wa mtutu, nikiwa na kibali. Juzi nilifyatua kundi likipita juu. Mmoja alitikisika, mguu ukaning'inia, lakini akaendelea kuruka hadi akatoweka. Nilimtafuta mpaka giza likaingia. Tangu siku hiyo sina raha. Je, nitumie marisau makubwa zaidi?

Jibu la kwanza
Ndugu, alikuwa umbali gani? Ukubwa wa bata bukini humdanganya mwindaji mara mbili: huonekana yu karibu ilhali yuko mbali, na huonekana akienda polepole ilhali ana kasi, ndiyo maana marisau humpata miguuni na tumboni, au hupita nyuma yake kabisa. Pima mita 30 kutoka unapojificha, uweke alama, na ndege aliye nje ya alama hiyo umwache apite. Bata bukini hutua wakiukabili upepo. Subiri washushe miguu, chagua mmoja tu, lenga kichwa na shingo, na usiusimamishe mtutu unapofyatua.

Muuliza swali
Nimerudi kupima. Ni mita 52.

Jibu la pili
Basi marisau makubwa yasingekuokoa. Hata hivyo, ukitumia ya chuma, kama wafanyavyo wawindaji wa Marekani, ambako marisau ya madini ya risasi yalipigwa marufuku kwa ndege hawa mwaka 1991, kumbuka kwamba chuma ni chepesi na hupoteza kasi mapema, kwa hiyo saizi kubwa za marisau, namba 2 au BB, ndizo zinazofaa. Chora duara la sentimita 76 kwenye karatasi, ulipige kwa umbali utakaowindia, kisha utazame mapengo: pengo linalopitisha kichwa na shingo ni ndege atakayeondoka na jeraha.

Jibu la tatu
Denmark walipoanza kampeni ya kupunguza majeruhi mwaka 1997, baada ya picha za eksirei kuonyesha bata bukini wengi walio hai wakiwa na marisau mwilini, mkazo mkubwa uliwekwa kwenye kufyatua kwa karibu, na idadi hiyo ilishuka. Nakuomba jambo moja zaidi: ndege akiyumba, risasi ya pili ni yake, si ya mwenzake, na mbwa aliyefunzwa atumwe mara moja, kabla majeruhi hajajificha kwenye majani.