Tupeane uzoefu: Ua la nyota linalonuka mzoga, nani mwingine analo hapa Mwanza?

Mkazi wa Kirumba: Wakuu, leo nimemkuta mama anauza miche kwenye makopo ya rangi, na mmoja ulikuwa ule wa mashina ya pembe nne, laini kama mahameli, hauna miiba. Stapelia. Nikakumbuka wangu, ulioza wote masika kwa maji. Wenye nao njooni.

Mama Watatu: Umenigusa pabaya. Wangu ulikaa dirishani sebuleni, Nyegezi. Ukatoa tumba, likavimba kama puto siku baada ya siku, nikawa nawaonyesha majirani. Likapasuka Jumapili ambayo wageni wa posa ya binti yangu wanakuja. Asubuhi nyumba inanuka panya aliyekufa. Tukavuta makochi, tukatoa mazulia. Nikasema ni dagaa wa stoo, nikatupa ndoo nzima, dagaa wazuri wakavu wa Ukerewe! Harufu iko palepale. Wageni wakaingia, wakakaa, hakuna anayesema kitu, na mimi natamani ardhi ipasuke. Mama yangu mzazi, katoka Magu, ndiye aliyeuliza, "Mbona nzi wote wako dirishani?" Nikasogea. Ua kubwa kama sahani, manjano yenye mistari myekundu kama ngozi ya kitu kilichochunwa, vinyweleo pembeni, nzi wa kijani wamejaa, na katikati mayai meupe yamerundikana kama punje za mchele. Siku ile nililia.

Nyakato Juu: Kweli kabisa. Sisi tulilala kwa jirani.

Mdau wa Igombe: Hilo ni dungusi tu. Mimi namwagilia kila asubuhi na linastawi.

Fundi Bustani: Mkuu, si dungusi. Madungusi kwao Amerika, hii ni ya Afrika hukuhuku, ukoo mmoja na waridi la jangwa. Inanuka hivyo kuwaita nzi, ndio wanaobeba chavua. Funza wakianguliwa humo hawana cha kula, wanakufa. Na kwako Igombe ni mchanga mtupu, maji hayakai. Mwenye udongo mweusi akikuiga ataozesha.

Mdau wa Igombe: Usinifundishe, nina miche kumi na miwili.

Binti wa Misungwi: Utomvu wake unapofusha?

Fundi Bustani: Hiyo ni manyara, ile ya ua wa boma. Mdogo wangu ilimrukia jichoni akikata kuni, tulimwosha kwa maji mengi njia nzima hadi hospitali. Manyara iogopeni jamani.

Mkazi wa Kirumba: Mama Watatu, posa je?

Nyakato Juu: Na dagaa ulimtupia nani?

Mama Watatu: Posa ilipokelewa. Dagaa walichukuliwa na bata wa jirani.

Fundi Bustani: Turudi kwenye mada. Kata kipande, kiache kivulini wiki moja kidonda kikauke, kisha panda kwenye changarawe ile inayomomonyoka kwenye mawe yetu, udongo kidogo tu. Maji mpaka pakauke kabisa. Masika weka barazani, mvua isiifikie.

Nyakato Juu: Na ikitoa tumba, hamishia dirisha la mwenye nyumba anayekudai.

Binti wa Misungwi: Mama Watatu, bado unao? Naomba kipande, nitakifuata Buzuruga stendi Jumamosi.

Mama Watatu: Ninao, uko nje nyuma ya tangi la maji. Njoo na gazeti la kufungia.